Simenti sio dawa ya kila ukuta (na jinsi nilivyosaidia kuuharibu mmoja)



Nimekuwa kimya wiki kadhaa, sio kwamba nimeishiwa (hahaha, kidogo), ila nilikuwa kwenye vumbi la mawe. Leo sina siasa wala mpira. Leo naongelea ukuta. Usifunge ukurasa kwanza. Najua dakika zako za kafe zinahesabika, lakini kuna nyumba huku kwetu na kule Pwani ambazo zikianguka hakuna atakayezijenga tena, na nyingi tunaziangusha sisi wenyewe kwa nia nzuri kabisa.

Nianze na kosa langu, maana bila hilo mtasema najifanya mtaalamu. Nilipomaliza kidato cha nne, matokeo yakawa yale ya kumfanya mzazi anyamaze siku nzima, nikaingia kwenye kazi ya saidia fundi. Kazi moja ilikuwa kwenye nyumba ya mawe ya taasisi fulani, siitaji jina, kilomita chache kutoka mjini. Ni nyumba ya enzi za mkoloni, imejengwa kwa haya mawe ya granaiti yanayojaa kwenye vilima vyetu. Kuta zake ni nene kiasi kwamba mtoto anaweza kulala dirishani asianguke. Shida ilikuwa moja tu: ule udongo na chokaa kati ya jiwe na jiwe ulikuwa unapukutika, ukipitisha kidole unamwagika kama unga.

Fundi wetu akasema dawa ni simenti. Tukakwangua juujuu, tukajaza simenti na mchanga, ndoo moja kwa tatu, tukavuta mistari safi ya kupendeza. Halafu upande wa chini, kutoka ardhini mpaka usawa wa dirisha, tukapiga lipu nzito ya simenti "ili unyevu usipande". Nyumba iling'aa bwana! Kamati ikaja, ikapiga picha, tukalipwa, mie nikanunua simu.

Yakapita masika mawili. Siku moja napita pale na bodaboda nikaona ukuta wa magharibi una tumbo. Yaani umevimba katikati kama mtu aliyeshiba ugali wa mtama. Nikasogea. Lipu yetu ukiigonga inalia kama debe tupu. Mistari ile tuliyoivuta kwa mbwembwe imejaa nyufa nyembamba kama unywele. Ndani ya nyumba, chumba cha upande ule, kinanuka ukungu. Nilipomuuliza fundi akajibu kwa mkato, "Mura, yale mawe yenyewe mabovu." Nikaamini. Ningebishaje? Yeye fundi, mie nabeba karai.

Mawe hayakuwa na kosa lolote. Hilo nilikuja kulijua Unguja, na nitafika huko. Kwanza tuelewane ukuta wa namna hii una nini ndani, maana hapo ndipo penye siri yote.

Wengi tunadhani ukuta wa mawe ni mawe mwanzo mwisho. Hapana. Ukuta mnene wa zamani mara nyingi ni kuta mbili zinazosimama zikitazamana, moja nje moja ndani, zimepangwa kwa mawe makubwa yenye uso mzuri. Katikati wamejaza mawe madogo na udongo, au udongo na chokaa. Kila baada ya hatua kadhaa fundi aliyejua kazi aliweka jiwe refu linalokata ukuta mzima kutoka nje mpaka ndani, kuzifunga hizo kuta mbili pamoja. Pale usoni, kati ya jiwe na jiwe, akamalizia na chokaa.

Sasa ukuta wa aina hiyo unakunywa maji. Mvua inaupiga, ardhi inaulowesha kutoka chini, watu waliolala ndani wanapumua mvuke usiku kucha. Ukuta wa zamani haukujengwa kuyazuia maji yote. Umejengwa uyanywe kidogo kisha jua likitoka uyatoe. Anayatoa wapi? Granaiti haipitishi maji kirahisi, kwa hiyo mlango pekee ni pale kwenye jointi. Chokaa ina vitundu vidogo vidogo, mvuke unapita humo unaondoka zake.

Tulipokuja na simenti yetu tuliufunga huo mlango na kutupa ufunguo. Simenti ni ngumu na imebana. Lakini ukuta hautulii, mchana unatanuka kwa joto, usiku unanywea. Chokaa ni laini, inafuata. Simenti haifuati, inapasuka ule ufa wa unywele niliouona. Maji ya mvua yanaingia kwenye ufa vizuri tu, ila kutoka ndio kazi. Udongo wa katikati unakuwa uji, unashuka chini taratibu, mawe yanabaki hayana pa kukalia, ukuta wa nje unaachana na wa ndani. Ndio lile tumbo. Kwa nje unaona simenti safi, kumbe ndani mgonjwa kaoza.

Kule Pwani ni mbaya zaidi, maana jiwe lenyewe ni tumbawe, laini, na lina chumvi ya bahari. Ukilifunika kwa simenti maji yanatafuta njia kupitia kwenye jiwe badala ya jointi. Yakikauka yanaacha chumvi, chumvi inakua chembe chembe na kusukuma, na uso wa jiwe unabanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua. Unabaki na fremu ya simenti imesimama yenyewe na jiwe limeliwa ndani. Nimeyaona kwa macho yangu.

Kwa hiyo kanuni ni hii, na mafundi wa majengo ya kale duniani kote wanaishika: kinachounganisha mawe lazima kiwe dhaifu kuliko mawe. Kama soli ya kiatu. Soli inaisha unaibadilisha, mguu unabaki. Jointi ya chokaa baada ya miaka mingi itapukutika, unaikwangua unaweka nyingine, jiwe liko palepale. Sisi tulipoona inapukutika tukadhani nyumba inakufa, kumbe soli tu ndio imekwisha.

Na wala simenti sio ya zamani hivyo. Hii tunayoiita Portland ilipewa hataza Uingereza mwaka 1824, na kiwanda cha Wazo Hill pale Dar kilianza kuzalisha mwaka 1966. Kabla ya hapo simenti ililetwa kwa meli, na huku kwetu mbali na bandari fundi wa kijijini alitumia alichokuwa nacho: udongo, chokaa, mawe na subira. Ukiona nyumba ya mawe ya miaka hiyo usikimbilie kudhani kuna simenti ndani. Pima. Chukua donge dogo kutoka kwenye jointi, litumbukize kwenye glasi ya maji. Likiyeyuka likawa tope, ni udongo. Lisipoyeyuka likwaruze na msumari. Chokaa inakwaruzika na kuacha unga, simenti itaukataa msumari.

Haya, twende Unguja.

Baba yangu mdogo anafanya kazi ya ulinzi kule. Akanipigia kwamba kuna nyumba Mji Mkongwe inakarabatiwa, wanataka vijana wa kubeba. Nikapanda basi, nikapanda meli (nilitapika, tuyaache hayo), nikafika. Kwa asiyejua, Mji Mkongwe wa Zanzibar uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000. Nyumba zimepangwa kwa madaraja, na ipo Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe iliyoanzishwa mwaka 1985. Huwezi kujiamulia tu kubomoa dirisha uweke la aluminiamu. Hata lipu unaombea kibali.

Nyumba yetu ilikuwa ya ghorofa, kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, dari limelala juu ya boriti za mikoko. Nilishangaa vyumba vyake, virefu lakini vyembamba kama korido. Kumbe ni kwa sababu ya hizo boriti. Mti wa mkoko hauendi mbali, kiasi cha mita tatu hivi, kwa hiyo upana wa chumba uliamuliwa na mti. Hapo nikaanza kuona kwamba kila kitu ndani ya nyumba ya kale kina sababu yake, hata kile kinachoonekana ni ushamba.

Fundi mkuu alikuwa mzee mwembamba mwenye kofia, mikono imepauka kwa chokaa. Siku ya kwanza nikamwamkia.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Watokea wapi?"

"Mara, Tarime."

"Aaa, kwa wanajeshi! Haya mwanajeshi, hapa hatupigani na ukuta. Ukuta huu mgonjwa, tunauuguza."

Wiki nzima hakunipa mwiko. Alinipa tindo na nyundo ndogo na kunionyesha lipu ya simenti ambayo watu fulani waliipiga miaka ya nyuma. Kazi yangu kuitoa, kipande kwa kipande, bila kuumiza jiwe. Nikamwuliza mbona tusilete grinda tumalize siku moja. Akanitazama kama nimetukana. Grinda haijui simenti imeishia wapi na jiwe limeanzia wapi, ikiteleza inakata kingo za tumbawe na kingo hizo hazirudi. Basi nikagonga. Siku tatu mkono ukavimba.

Chokaa yenyewe ndiyo iliyonivutia kuliko vyote. Kwetu chokaa tunaijua ya kuchorea uwanja wa mpira na kupaka mashina ya miti. Kumbe ina maisha yake. Unachukua jiwe la chokaa au tumbawe unalichoma moto mkali, kama nyuzi 900 hivi. Zamani Pwani walipanga magogo kwa duara, wakarundika matumbawe juu, wakawasha, moto ukala siku kadhaa. Motoni jiwe linatoa hewa ya kabonidayoksaidi na kubaki jepesi, jeupe, lenye hasira. Hiyo hasira sio utani: ukiitia kwenye maji inachemka na kufoka yenyewe bila moto, ndio wanaita kuizima. Mie nilisogea kutazama vizuri, tone likaniruka kwenye mkono, kovu ninalo mpaka leo. Lingeruka jichoni ningekuwa naandika haya nikiwa chongo. Mdau ukijaribu, vaa miwani, na maji safi yawe karibu.

Ikishazimwa inafunikwa shimoni chini ya maji, wiki hata miezi. Inakuwa laini kama siagi. Wanaichanganya na mchanga uliochekechwa, kwa kawaida kipimo kimoja cha chokaa kwa viwili na nusu au vitatu vya mchanga, na kule Zanzibar mafundi wa zamani walizoea kutia na udongo mwekundu. Ukiiweka ukutani haigandi upesi kama simenti. Inakauka taratibu huku ikivuta tena ileile kabonidayoksaidi kutoka hewani, mpaka inarudi kuwa jiwe. Yaani jiwe linachomwa, linakuwa unga, linakuwa siagi, linarudi kuwa jiwe. Mwalimu wangu wa kemia alituandikia hiyo kitu ubaoni kwa mishale nami nikaikariri na kuisahau siku ya mtihani. Angetupeleka kuona chokaa ikifoka ningepata walau C.

Kazi yenyewe ya kujaza jointi inaenda hivi. Unakwangua ya zamani iliyooza mpaka ufike penye uzima, na kina kiwe angalau mara mbili ya upana wa jointi, sio kile kukwangua kwetu kwa Tarime kwa ncha ya mwiko. Unafagia vumbi lote. Unalowesha, na hapa wengi wanakosea: ukiweka chokaa kwenye jiwe kavu, jiwe linanyonya maji yake yote, chokaa inakuwa unga kabla haijashika. Unaisukuma ndani kwa nguvu, tabaka jembamba, kama unene wa kidole, unasubiri ishike, unaongeza. Palipo na pengo kubwa unapachika vipande vidogo vya mawe, hujazi chokaa tupu. Uso wa jointi unaurudisha nyuma kidogo kuliko jiwe, kisha ikianza kushika unaipigapiga kwa brashi ngumu. Halafu unafunika kwa magunia mabichi na kuyamwagia maji siku kadhaa ili jua lisiikaushe haraka. Ukiwa na haraka nenda kafanye kazi nyingine.

Lakini babu alikuwa na jambo moja alilolirudia mpaka likatuchosha: usiguse ukuta kabla hujajua maji yanatoka wapi. Paa linavuja? Mfereji umeziba? Kuna mti mizizi imeingia? Ardhi ya nje imepanda juu kuliko sakafu? Tibu hilo kwanza. Nyumba ile ya Unguja, nusu ya ugonjwa wake ulikuwa ni bomba la maji ya mvua lililovunjika, yanamwagikia ukutani miaka na miaka. Bomba tu!

Na kuchelewa kuna bei yake. Jengo la Beit al-Ajaib pale Forodhani, lililojengwa na Sultan Barghash mwaka 1883, lilistahimili hata mabomu ya Waingereza ya tarehe 27 Agosti 1896. Mnara wa saa uliokuwa mbele uliharibika, ukajengwa mwingine ukaunganishwa na jengo lenyewe. Kilichokuja kulishinda ni unyevu, kutu na matengenezo yaliyochelewa. Mwaka 2012 sehemu yake iliporomoka, likafungwa. Ukarabati ulikuja kuanza kwa msaada wa Oman, na mafundi wakiwa kazini, tarehe 25 Desemba 2020, sehemu kubwa ya mbele ikashuka pamoja na mnara. Wafanyakazi wawili walikufa. Sikuwa na maana ya kusema simenti ndiyo iliyoliangusha, lile jengo ni la aina yake, lina nguzo na mihimili ya chuma isiyokuwepo kwenye nyumba za kawaida za Mji Mkongwe. Ila waliokufa walikuwa watu wa kubeba na kugonga, kama mimi. Kila nikipanda jukwaa nawawaza.

Niliporudi nyumbani nikaanza kujiuliza, sisi wa Tarime na Serengeti tuna nini cha mawe? Tunacho. Wilaya ya Serengeti kuna ngome ya Ikoma, waliyoijenga Wajerumani mwanzoni mwa miaka ya 1900. Mwaka 1917, katika Vita Kuu ya Kwanza, kikosi cha Kijerumani cha Naumann kilipita huko na kuishika, na miaka mingi baadaye eneo lilikuwa na hoteli ya watalii. Ukuta wa mawe usio na paa una adui tofauti kidogo, maji yanaingia kutoka juu, kichwani. Dawa yake ya kwanza sio kupiga lipu pembeni, ni kuuvika kofia: kupanga upya mawe ya juu kabisa na kuyafunga kwa chokaa ili maji yateleze.

Na ukivuka mpaka pale Sirari ukaingia kaunti ya Migori, Kenya, kuna Thimlich Ohinga. Nilienda. Hii iliingia Urithi wa Dunia mwaka 2018, na inadhaniwa ilijengwa karne ya 16. Kuta zina urefu wa mita moja na nusu mpaka nne na nusu, unene kama mita moja, na wadau... hakuna chokaa. Hakuna udongo. Hakuna kitu! Mawe matupu yamekaliana. Kuta mbili na kujaza katikati, akili ileile niliyoieleza juu. Milango ni mifupi, unaingia umeinama. Adui wake mkubwa ni miti inayoota ndani ya ukuta, mifugo inayopanda juu, na zamani watu waliookota mawe kwenda kujengea kwao. Ukarabati wake ni kurudisha mawe yaleyale yalipoangukia, bila kuongeza gundi yoyote. Nilisimama pale nikakumbuka mifuko ya simenti tuliyoibeba kwa ajili ya ile nyumba yetu. Ilinikera.

Najua kuna atakayeuliza kuhusu sheria, basi kwa kifupi. Tanzania Bara tuna Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Majengo ya kabla ya mwaka 1863 yanalindwa moja kwa moja, ya baada ya hapo lazima waziri ayatangaze. Maana yake nyumba nyingi za mkoloni huku kwetu, kama haijatangazwa, sheria hiyo haiigusi, inabaki kwa mwenye nyumba na fundi wake. Ukiwa na wasiwasi na jengo fulani anza na ofisa utamaduni wa halmashauri, yeye atajua pa kulipeleka. Zanzibar wana sheria zao.

Sasa ile nyumba.

Niliporudi niliikuta kamati inajadili mambo mawili, ama kubomoa ukuta wa magharibi na kujenga wa tofali za bloku, ama kuongeza lipu nyingine juu ya ile iliyobanduka. Nikaenda. Nikawasalimu wazee, nikakiri kwamba nilikuwemo kwenye ile kazi. Mmoja akacheka, "Kwa hiyo daktari aliyetuua ndiye anarudi na dawa?" Sikuwa na jibu. Nikaomba kitu kimoja, wanipe kipande cha ukuta kutoka kona mpaka dirisha la kwanza, bure, chokaa nainunua mwenyewe. Palipo na tumbo nikawaambia sipagusi peke yangu. Pale panataka kuegemezwa kwa miti, mawe yapigwe picha na kuandikwa namba, yashushwe kutoka juu, kisha yapangwe upya na mawe marefu ya kufunga. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye uzoefu, sio ya mbeba karai aliyekaa Unguja miezi mitatu.

Nikaanza kwa mfereji. Nyuma ya nyumba maji ya bati yalikuwa yanamwagika kwenye mguu wa ukuta huohuo, tangu tulipokuwa tunapiga lipu! Hatukutazama juu hata siku moja. Nikachimba mchirizi wa kuyapeleka bondeni. Halafu tindo. Simenti yetu ilitoka kwa shida, na nyuma yake udongo ulikuwa umelowa kabisa wakati hapajanyesha siku tisa.

Chokaa ya shimoni huku hakuna, nilitumia ile ya mfuko inayouzwa dukani. Inafaa, ila usiichanganye siku hiyohiyo. Iloweke kwenye maji angalau siku nzima, ikikaa zaidi ni bora zaidi. Ndani nilijaza udongo wenye chokaa kidogo kama ulivyokuwa, usoni chokaa na mchanga wa mto. Magunia nikaazima kwa mama mmoja muuza mahindi.

Mvua ya kwanza ilinyesha Jumanne usiku, ile mvua yetu ya mawe na radi. Asubuhi ukuta mzima ulikuwa mweusi kwa maji, kwangu na kwa simenti sawasawa. Nikakaa pale na mzee mmoja wa kamati tukiangalia, hatuongei. Ilipofika saa tisa mchana kipande changu kilikuwa kimerudi rangi yake. Upande wa simenti ulikuwa bado mweusi Alhamisi.

Kamati imesema haibomoi mpaka masika yaishe, na imetuma mtu Musoma kuuliza fundi wa kuushusha ule wenye tumbo. Mdau unayemjua fundi wa mawe wa zamani, hata kama amestaafu, hata kama haoni vizuri ila anaweza kukaa kwenye kiti na kunielekeza, andika hapo chini. Mwenye picha ya nyumba ya mawe ya Tarime au Mugumu naye aseme iko kijiji gani na imepigwa nini usoni.

Mfuko wa tatu wa chokaa nimeuloweka jana jioni. Jumamosi naanza dirisha la pili.